Kiwanja cha basketi Mikocheni: hesabu ya maji ya chini ya jamvi

Wakuu, naendelea na kumbukumbu za kiwanja chetu cha basketi cha mtaa hapa Mikocheni. Eneo lipo, michango inaingia mdogo mdogo, na leo naongelea kitu ambacho nimekipa muda kuliko hata zege lenyewe, yaani maji ya chini. Kipimo cha FIBA, shirikisho la basketi la dunia, ni mita 28 kwa 15, ukiongeza mita 2 za nafasi kila upande unapata 32 kwa 19, jamvi, yaani sakafu ya zege, la mita za mraba 608. Jamvi la ukubwa huo likititia au likipasuka hulibandui ukaanza upya, sio kwa hela ya kuchangishana na wazee na vijana wa mtaa, kwahiyo maji yanahesabiwa kabla hata lori la kwanza la kifusi halijaingia.

Aprili, masika yamekolea

Mashimo tulishachimba tangu kiangazi kwa oga ya mkono, yaani kekee ya kutobolea udongo, kila kona moja na la katikati, ndani nimeshusha mabomba ya plastiki yaliyotobolewa ili mchanga usibomoke. Januari maji yalikuwa chini zaidi ya mita moja na nusu, mtu angepima siku hiyo angekuambia hapa pakavu mwagia tu zege. Sasa hivi yako sentimita 25 tu kutoka usawa wa ardhi. Dar wastani wa mvua ya Aprili peke yake unazidi milimita 200, kwahiyo kipimo cha kuaminika ni cha masika, cha kiangazi kinakusaidia kujua tofauti basi.

Udongo wenyewe juu ni mchanga laini wenye tope kidogo, ukifika kama mita 2 unagonga mfinyanzi wa kijivu. Huo mfinyanzi maji hayaupenyi kirahisi, na ndo sakafu ya hesabu yote inayofuata.

Mei, mvua zimepungua

Maji yameshuka hadi sentimita 60, nikapata nafasi ya kupima kasi ya maji kupita kwenye udongo. Shimo la kina cha mita 1.4, kipenyo sentimita 10, unachota maji haraka mpaka yashuke sentimita 35 chini ya usawa wake, afu unawasha saa ya simu na kuangalia yanavyopanda. Yalipanda sentimita 7 kwa sekunde 40. Ukiweka kwenye fomula ya Ernst, ile ya kupimia kwa shimo la oga, inakuja karibu mita 2 kwa siku. Kwa mchanga wa aina hii inaingia akilini, nisingeamini namba ya kwenye jedwali la kitabu wakati udongo wenyewe uko hapa miguuni.

Juni, hesabu yenyewe

Hapa ndo nataka tuelewane vizuri maana nimesikia watu wengi wakilichanganya hili. Jirani mmoja alinipigia hesabu hivi: mvua ya milimita 50 kwa saa, zidisha mita za mraba 608, unapata lita 30,400 kwa saa, kama lita 8.4 kwa sekunde, kwahiyo akasema bomba la chini liwe la inchi 8. Hesabu yake ni sahihi ila ni ya maji mengine. Hiyo mvua inaangukia juu ya zege, na zege haliruhusu maji kushuka, yanateleza juu kwa mteremko wa asilimia 1, yaani sentimita 19 kutoka upande hadi upande, yanaingia kwenye mfereji wa wazi na kuondoka. Maji ya chini yanatoka pembeni, kwenye ardhi inayozunguka kiwanja, na yanatembea kwa kasi ya udongo sio kwa kasi ya mvua. Hili Henry Darcy alishalipima kwa mchanga kule Dijon, Ufaransa, akalitoa mwaka 1856.

Sasa weka bomba lenye vitundu kuzunguka jamvi, mita 1 nje ya ukingo, jumla mita 110, kina cha mita 1. Kutoka kwenye mfinyanzi maji ya nje yana kimo cha mita 1.75, kwenye bomba mita 1. Kila kimo unakizidisha kwa chenyewe, unatoa kidogo kwenye kikubwa, unazidisha kwa ile 2 ya udongo, unagawa kwa mara mbili ya umbali ambao bomba linavuta, mimi nimechukua mita 10. Inakuja mita za ujazo 0.206 kwa siku kwa kila mita ya bomba, jumla karibu 23 kwa siku, lita 0.26 kwa sekunde. Ule umbali wa mita 10 ni wa kukadiria, lakini hata maji yakija mara tatu ni lita 0.8, na bomba la inchi 4 kwa mteremko wa nusu asilimia linabeba kama lita 4. Inchi 4 inatosha kabisa.

Na tafadhali, mfereji wa juu usiunganishwe na bomba lenye vitundu. Ukifanya hivyo zile lita 8.4 unazimwaga mwenyewe chini ya jamvi.

Julai, maji yanatokea wapi

Hapa ndo pagumu. Maji yanaanzia kona moja yanagawanyika pande mbili, mita 55 kila upande, kwa nusu asilimia yanashuka sentimita 27 na ushee. Ukilaza bomba wastani wa mita 1, mwisho wake unafika kama mita 1.14, na mtaro wa barabarani kina chake ni sentimita 85 tu. Maji hayapandi mlima. Kuna waliosema tuweke chemba na pampu, ila pampu inataka umeme usiokatika hasa usiku wa mvua kubwa, inataka na mtu wa kuiangalia miaka yote, kiwanja cha mtaa hakina mtu huyo.

Nimeamua tuinue kiwanja sentimita 30, kifusi 15 kilichoshindiliwa na kokoto 15 juu yake. Kokoto zina kazi yake hapo, mchanga laini unapandisha unyevu kama utambi wa chemli unavyopandisha mafuta, kokoto zinaukata, juu yake nailoni, BRC (wavu wa nondo), afu zege. Bomba linaanza kina cha sentimita 50 kutoka usawa wa ardhi ya sasa na kuishia 78, linamwaga kwenye mtaro lenyewe bila pampu. Kwa kina hicho maji yanayoingia yanapungua hadi kama mita za ujazo 13 kwa siku, na jamvi linakaa sentimita 80 au zaidi juu ya maji hata Aprili.

Wasiwasi wangu uliobaki ulikuwa bamvua. Bahari ikijaa maji ya mtaro hayatoki haraka, kwahiyo mwisho wa bomba inawekwa vali ya kuzuia maji kurudi, na ikijifunga kwa muda wa saa 6 yanajikusanya kama mita za ujazo 3.3. Mfereji wa kokoto linamolala bomba, upana sentimita 40 kimo 50, una mita za ujazo 22, nafasi kati ya kokoto ni kama asilimia 35, hapo zinaingia 7 na zaidi. Yanasubiri humo bila kufika kwenye jamvi. Kitambaa cha kuchuja kinazungushiwa mfereji mzima, sio bomba peke yake, maana mchanga wetu ni laini mno utajaa kwenye kokoto na hiyo nafasi yote inapotea.

Kinachofuata ni kupiga levo kwa mpira wa maji na kuweka vigingi, nataka mfereji wa bomba uwe umekwisha kabla ya vuli kuanza Oktoba. Bomba la kupimia la katikati litang'olewa, ila nitaacha moja la kudumu ukingoni mwa jamvi na lingine mita 10 nje, masika ijayo tusome yote mawili siku moja tuone mfereji umeshusha maji kiasi gani.