Wavu Katika Karatasi ya Mzani

Mwezi Januari mpwa wangu alikuja kutoka Msimbati akiwa na begi moja na ndoo ya plastiki, akaanza kukaa nasi hapa Mtwara mjini ili asome kidato cha kwanza. Kwa miaka saba ya shule ya msingi alikuwa amefundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu miongoni mwa mengine. Sasa hisabati, bailojia na jiografia vyote vinafundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili ndicho kilichobaki kuwa somo moja. Dada yangu alinipigia simu akasema, "Wewe ndiye mjomba wake, na karatasi za Kiingereza unashinda nazo kazini, basi msaidie." Kwetu mjomba akishaambiwa hivyo hana pa kukimbilia.

Mimi ni karani wa ghala. Katika msimu wa korosho, malori yanayoleta mzigo kutoka vyama vya msingi vya ushirika hupanga foleni getini tangu alfajiri, na kazi yangu ni kusimamia mzani, kuhesabu magunia na kujaza karatasi. Wapakiaji, madereva na msimamizi wetu wote huzungumza Kiswahili, na wakikasirika wanarudi kwenye Kimakonde, lakini nyingi ya karatasi tunazojaza zimeandikwa kwa Kiingereza. Jioni moja nilisahau nakala ya karatasi ya mzani juu ya meza, binti akaichukua, akaisoma kwa makini, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mjomba, kumbe korosho mnazipima zikiwa ndani ya wavu?"

Alikuwa ameona maneno "net weight". Baba yake ni mvuvi, na "net" ni miongoni mwa maneno ya kwanza ya Kiingereza aliyoyajua, kwanza kwa wavu wa babaye na pili kwa chandarua. Sikucheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoanza kazi niliijaza safu hiyo kwa wiki nzima bila kujua hasa inasema nini. Tulikaa tukaichambua: lori liliingia likiwa na mzigo, mzani ukasoma kilo 23,400, na hiyo ndiyo "gross", likashusha, likapimwa tupu, ukasoma kilo 9,150, na hiyo ndiyo "tare", tofauti yake, kilo 14,250, ndiyo "net", yaani uzito wa mzigo wenyewe baada ya kuondoa kila kisichokuwa mzigo. Alipofanya hesabu ya kutoa kwa mkono wake mwenyewe, neno likamkaa. Kesho yake alinionyesha mfuko wa saruji kwa jirani, ulioandikwa maneno yale yale, akiwa na furaha ya mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini.

Tangu siku hiyo nimeamini jambo ambalo nilikuwa nikilihisi tu: katika Kiingereza cha shule na kazi, yanayotuangusha mara nyingi ni maneno mafupi tunayodhani tunayajua. Neno refu na geni humfanya mtu asimame, aulize au afungue kamusi, lakini neno jepesi hupita bila kukaguliwa, likiwa limebeba maana nyingine kabisa. Mpwa wangu alipopata kikohozi, alisoma kwenye chupa ya dawa "Shake well before use", akatafsiri kwa uhakika wote: tikisa kisima kabla ya kutumia. Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba "well" ni kisima, na ni kweli, ila hakuna aliyewaambia kwamba neno hilo lina kazi nyingine nyingi zaidi ya kuchota maji.

Mimi nimelipia somo hili kwa gharama kubwa zaidi. Miaka ile gesi ya Mnazi Bay ilipokuwa gumzo la mji mzima na vijana tukizunguka na bahasha za vyeti, kampuni moja ilinipigia simu niende kwenye usaili. Aliyepiga alizungumza Kiingereza, akasema nifike kesho yake "at eight". Nilielewa kila neno, nikamshukuru, nikapiga pasi shati langu, na kesho yake nikafika saa nane mchana. Usaili ulikuwa umefanyika saa mbili asubuhi. Mlinzi alinitazama kwa huruma, akaniambia kwamba wenzangu waliondoka zamani. Najua tangu utoto kwamba saa yetu huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na saa ya Kiingereza huanzia usiku wa manane na kurudia tena adhuhuri, hivyo kati ya hizo mbili kuna tofauti ya saa sita. Lakini kujua darasani ni jambo moja, na kulikumbuka ukiwa umeshika simu kwa mkono unaotetemeka ni jingine. Hadi leo, nikiandika muda wa Kiingereza, naweka pembeni saa ya Kiswahili, na mpwa wangu nimemlazimisha afanye vivyo hivyo kwenye ratiba yake ya masomo.

Upande wa shule, hatari kubwa imo katika vitenzi vya maswali ya mtihani. "Mention" inataka utaje tu, na "explain" inataka ueleze. Anayeeleza palipotakiwa kutaja anamaliza muda wake bure, na anayetaja palipotakiwa kueleza anakosa alama. Kibaya kuliko vyote ni "account for". Nilipokuwa kidato cha tatu nilikutana nacho kwenye swali la historia, na kwa kuwa nilikuwa nikisoma pia utunzaji wa hesabu, nikaanza kuhesabu matukio moja baada ya jingine bila kutoa sababu hata moja, wakati swali lilikuwa linadai sababu tupu.

Kuna pia maneno ambayo Kiswahili chetu huyaunganisha na Kiingereza huyatenganisha. Sisi tunasema kuazima, awe ni mwenye kalamu au mwenye shida ya kalamu, na mazungumzo yenyewe huonyesha nani ni nani. Waingereza wana "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayechukua, na ukibadilisha umejigeuza tajiri. Mkono kwao ni vitu viwili, "hand" na "arm", mguu hali kadhalika, "foot" na "leg".

Mwaka 1930 Mwingereza Charles Kay Ogden alitoa orodha ya maneno 850 ya Kiingereza aliyoyaona yanatosha kwa mazungumzo ya kawaida, na vitenzi alivyobakiza humo ni 18 tu. Orodha hiyo inavutia ukiiona mara ya kwanza, maana maneno 850 mtu anaweza kuyamaliza kabla ya msimu wa korosho kuisha. Kwa maoni yangu hesabu hiyo inadanganya kidogo, kwa sababu vitenzi kama "get", "put" na "take" kila kimoja kina maana chungu nzima kulingana na neno dogo linalokifuata. Pale ghalani tuna "out-turn", kipimo cha ubora kinachoonyesha ni ratili ngapi za kiini kizuri zinapatikana katika gunia la kilo 80 za korosho ghafi. "Out" nilikuwa nakijua, na "turn" pia, lakini nilipoviona pamoja nilidhani ni korosho zilizorudishwa nje ya geti.

Kwa hiyo daftari la mpwa wangu halina orodha ya neno na tafsiri yake. Kila neno linaandikwa ndani ya sentensi alipolikuta, iwe kwenye kitabu, chupa ya dawa au karatasi yangu ya mzani, na likirudi kwa maana nyingine linapewa mstari mwingine. "Well" ina mistari minne mpaka sasa. Nilitaka pia ayatambue maneno aliyokuwa nayo tayari. Salfa anaijua tangu alipokuwa akimwona bibi yake akipulizia mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, lakini alipokutana na "sulphur" katika kitabu cha kemia aliikariri kama kitu kipya kutoka Ulaya, mpaka nilipomwambia alitamke neno hilo taratibu, akasikia kwamba ni salfa ile ile.

Juzi alinigeuzia kibao. Aliniuliza "kangomba" kwa Kiingereza ni nini. Nikaanza na neno moja la biashara, nikaliacha. Nikajaribu la pili, nalo halikugusa habari ya mtu anayemfuata mkulima shambani kabla ya mnada na kumnunulia korosho kwa bei ya chini, kwa kipimo chake mwenyewe, akijua kwamba ada ya shule haisubiri. Mwishowe aliandika kangomba kama ilivyo, akaweka mbele yake sentensi ya Kiingereza yenye mistari mitatu, kisha akaniomba niikague kabla hajalala. Nilisahihisha "borrow" moja.