Nilivyohesabu Mistari Iliyojirudia Katika Orodha ya Wakulima wa Pamba

Kila msimu, kabla chama chetu cha ushirika huku Kanda ya Ziwa hakijagawa mbegu na viuatilifu, makarani wa vituo vya kununulia pamba huleta orodha za wakulima, kila mkulima akiwa na mstari wake: jina lake, jina la baba yake na kijiji anachoishi. Orodha hizo zikiunganishwa hufikia maelfu ya mistari, na mkulima aliyeandikishwa katika vituo viwili asipogunduliwa hupata mgawo mara mbili, huku mwenzake akiambiwa mbegu zimekwisha. Niliombwa kuyatafuta majina yaliyojirudia. Sikutaka kuyafuta papo hapo, kwa sababu vijijini kwetu si ajabu kuwakuta akina Masanja wawili ambao hata baba zao wana jina moja. Nilichohitaji ni idadi tu, ili anayewafahamu wahusika ndiye aamue.

Nilianza na amri ambazo kila kompyuta ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) huja nazo:

sort orodha.txt | uniq -c | sort -rn

Amri ya kwanza huipanga mistari, ya pili huhesabu inayofanana, na ya mwisho huweka juu ile iliyojirudia zaidi. Huo upangaji wa mwanzo hauwezi kurukwa, kwani uniq huulinganisha mstari na ule uliotangulia tu. Mistari miwili inayofanana ikitenganishwa na mwingine, kila mmoja huhesabiwa kuwa wa pekee.

Matokeo yalikuwa machache kiasi cha kutia shaka, kwa sababu majina niliyokwisha kuyaona katika vituo viwili yalitokea yakiwa na idadi ya 1. Nikazifungua faili kwa cat -A, amri inayoonyesha hata alama zisizoonekana, na sababu zikajitokeza. Faili zilizotoka kwenye Windows zilikuwa na ^M mwishoni mwa kila mstari, kwa kuwa mfumo huo humaliza mstari kwa alama mbili ilhali Linux hutumia moja. Kulikuwa pia na nafasi za ziada, na majina mengine yaliandikwa yote kwa herufi kubwa.

Lililonichukulia muda zaidi lilikuwa ritifaa, ile alama inayoandikwa katika ng'. Majina kama Ng'wandu, au mahali kama Nyang'hwale, baadhi ya makarani walikuwa wameyaandika kwa ritifaa iliyonyooka, na wengine kwa ile iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe bila kuulizwa. Jicho halijali tofauti hiyo, lakini katika UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi kwenye faili, ritifaa iliyonyooka ni baiti 1 na iliyopinda ni baiti 3, ambazo cat -A huzionyesha hivi: M-bM-^@M-^Y. Kwa kompyuta hao ni watu wawili.

Basi nikaandika skripti fupi ya awk, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa katika maabara ya Bell Labs mwaka 1977 na kupewa herufi za mwanzo za majina ya Aho, Weinberger na Kernighan, na ambayo kwa kazi ya mistari bado naipenda kuliko nyingi zilizokuja baadaye:

awk '{ gsub(/\r/, ""); gsub(/’/, "\047"); gsub(/ +/, " "); gsub(/^ | $/, ""); m = toupper($0); idadi[m]++; vituo[m] = vituo[m] " " FILENAME } END { for (m in idadi) if (idadi[m] > 1) print idadi[m], m, vituo[m] }' *.txt | sort -rn

Kila mstari husafishwa kwanza, ritifaa zote zikanyooshwa (\047 ndiyo hiyo iliyonyooka), ndipo uhesabiwe. Hapa mistari haihitaji kupangwa kabla, kwa kuwa awk huweka kila mstari na idadi yake kwenye kumbukumbu. Kwa faili kubwa kuliko kumbukumbu ya kompyuta ningerudi kwa sort, ambayo hujua kutumia diski. FILENAME nayo hutaja kila faili ambamo jina limeonekana, na kwa kuwa faili zimepewa majina ya vituo, karani haulizwi swali la jumla bali huonyeshwa kituo cha jirani anachopaswa kuwasiliana nacho.

Waliothibitika kuwa mtu mmoja walibakizwa katika kituo kilicho karibu na shamba lao. Wale waliofanana majina tu tuliwaongezea jina la babu kwenye mstari, na skripti ilipopitishwa tena haikuwataja.