Tahadhari kwa wanaopitia kituo cha treni, Kisumu

Majirani zangu wa Nyalenda, Jumapili nilimsindikiza mama mdogo kituoni apande treni ya Nairobi, na tulipokuwa tukishusha mizigo kwenye tuktuk alitujia kijana nadhifu, mwenye kitambulisho kisichosomeka shingoni, akidai kwamba nafasi zimejaa ila yeye angeweza kutupatia tiketi iliyorudishwa. Kabla sijamzuia, mama mdogo alikuwa keshampa nambari yake ya simu, eti ya kuandikiwa tiketi.

Haikupita dakika tano, ujumbe ukaingia kwamba amepokea shilingi 1,500 kwa M-Pesa, na papo hapo akatokea mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, akilia kwamba amezituma kimakosa na kwamba hizo ndizo nauli yake. Mama mdogo, ambaye huruma humtangulia siku zote, alikuwa tayari ameanza kuzirudisha. Nilimwomba simu, nikaona ujumbe umetoka kwenye nambari ya kawaida, si kwa jina la MPESA, na nilipopiga *334# kutazama salio, halikuwa limeongezeka hata senti. Nilimweleza yule mwanamke kwamba anayekosea kutuma hupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, naye akaondoka bila kuaga. Kijana hatukumwona tena.

Siwezi kuapa kwamba walikuwa pamoja, ingawa nashuku hivyo, na nimemwarifu askari wa langoni. Mkiwa na wazee wanaosafiri, wasindikizeni hadi kwenye dirisha la tiketi.