Malengo yangu ya ukocha msimu huu, Goma

Msimu huu, katika ushangiliaji wa michezo (cheerleading), sitaharakisha kunyanyuana, yaani kumwinua mwenzao juu. Kundi ni watu 4: wabebaji 2, mlinzi wa nyuma, na anayepanda. Makosa mengi huanza chini. Wabebaji wakisimama mbalimbali, miguu ya anayepanda inatanuka, anaporomoka katikati. Basi wasogeleane, wakunje magoti, mgongo wima, wasukume kwa miguu. Anayepanda akaze magoti na atazame mbele. Akitazama chini, mwili mzima unainama. Mlinzi asimwondolee macho hata kidogo: akianguka, adake kichwa na mabega kwanza.

Viwanja vyetu vina mawe ya volkeno, kwa hiyo kunyanyua ni juu ya magodoro tu. Muziki utangoja. Kwanza tuhesabu hadi 8 kwa sauti, hasa wakati wa kushuka.