Siku moja maishani mwangu: msaidizi wa kisheria, Mtwara mjini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Simu ya kwanza ni ya kijana wa bodaboda kutoka Chikongola. Juzi kagongwa na pikapu njia ya Mikindani, mguu uko kwenye plasta. Kasikia kwamba serikali inalipa fidia kwa aliyeumia kazini. Namuuliza kitu kimoja tu: "Pikipiki ni yako au ya bosi?"

"Yangu, dada."

Basi hana mwajiri, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumhusu. Mlango wake ni bima ya ile pikapu. Namwambia aje mchana na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na namba ya gari.

Saa mbili

Ofisi ya kata imeniazima chumba: meza, benchi, na feni inayozunguka ikijisikia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua sisi wasaidizi na inatukataza kumtoza mteja. Watu hawaamini. Kuna anayekuja na korosho kwenye kifuko kama kishika uchumba, nazo narudisha, ingawa kwa shingo upande.

Saa tatu

Mama amevuka na MV Mafanikio kutoka Msangamkuu, kidole gumba cha kushoto kimefungwa kitambaa cha kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na vyeti vyangu vyote."

Anabangua korosho kiwandani kwa malipo ya kilo. Mikono yake ni ile ninayoijua: ncha za vidole nyeusi kwa mafuta ya ganda, ngozi imebanduka na kuota upya. Gumba limekatwa na kisu cha mashine, juu ya kiungo. Anafungua mfuko wa rambo, ananipa cheti cha zahanati cha siku ile. Nasoma. Nasoma tena. Kimeandikwa: amejikata na kisu akipika nyumbani.

"Mama, ulikuwa unapika?"

Anacheka kwa aibu. Mnyapara ndiye aliyempeleka, na njiani akamwambia aseme hivyo ili ahudumiwe haraka, mengine yatazungumzwa. Hayakuzungumzwa.

Fidia nyingi hufia hapo, kwenye mstari mmoja ulioandikwa na tabibu aliyechoka, siku ambayo mgonjwa hata akili haijamtulia. Watu wanadhani kazi kubwa ni kubishana na wakubwa wa Mfuko. Wale wakubwa hawamjui mama huyu, wanajua karatasi. Karatasi ikisema jikoni, ni jikoni.

Kwa hiyo tunaanza kujenga upya. Jina lake kwenye daftari la mahudhurio la siku ile. Wenzake wawili wa meza moja, waandike walichokiona na kuweka saini. Daftari lake la kilo pia, nalo kalitunza vizuri kuliko maofisa wengi ninaowajua: kila siku imeandikwa kwa peni, na siku ya ajali kilo zimekatika katikati, halafu kurasa tupu. Lile daftari lina kazi mbili. Linaonyesha aliacha kazi saa ngapi, na linathibitisha kipato, maana asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, hadi miezi 24. Bila kujua alikuwa anapata nini, asilimia 70 ya nini?

Anauliza kama amechelewa. Hapana. Mfanyakazi ana miezi 12 ya kutoa taarifa, yeye ajali yake ni ya mwezi uliopita. Aliyechelewa ni mwajiri, ambaye alitakiwa kuripoti ndani ya siku saba.

Saa tano

Naenda kiwandani kwa bajaji. Afisa utumishi ni kijana mstaarabu, ananikaribisha soda. Anasema ukweli wake: wanaogopa kwamba wakiripoti ajali, wakaguzi wa OSHA, wale wa usalama kazini, watakuja kuhesabu vikinga mikono.

Hofu hii siielewi kabisa. Mwajiri keshachangia nusu asilimia ya mishahara yote. Mfanyakazi hakatwi hata senti, na mwajiri anayemkata anavunja sheria. Mfuko ndio unaobeba gharama za matibabu. Yaani kampuni imelipia mwavuli, mvua inanyesha, na imeuficha kabatini! Namwambia hivyo hivyo. Anakaa kimya, kisha anafungua kompyuta na kuanza kujaza taarifa ya ajali kwenye mfumo. Kwenye "mahali pa ajali" anasita, ananitazama. Namtazama. Anaandika: chumba cha kubangulia.

Saa saba

Ming'oko ya kuchemsha na chai ya rangi. Basi.

Saa nane

Kijana wa bodaboda kafika na magongo. Tunakagua stika ya bima ya pikapu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari: iko hai. Bahati yake. Sasa afuatilie PF90, ripoti ya polisi ya ajali, kwa trafiki, na asisaini makubaliano yoyote na mwenye gari anayemzungusha na laki mbili za "pole".

Nyuma yake kaingia mzee kutoka Lindi, mguu mmoja mfupi. Aliumia kwenye shamba la mkonge mwaka 2009. Sheria mpya ya fidia ilikuwa imepitishwa 2008, lakini Mfuko wenyewe ulianza kukusanya michango Julai 2015. Ajali yake iko upande wa sheria ya zamani, ile iliyoweka kikomo cha shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu. Namwambia ukweli, na simwandikii barua ya kumpa matumaini hewa. Ananishukuru kwa adabu, jambo linaloniuma kuliko kama angenifokea.

Saa kumi

Nampigia mama wa Msangamkuu kumweleza hatua inayofuata. Kidonda kikipona, daktari atapima ulemavu kwa asilimia. Isiyozidi 30, analipwa mkupuo mmoja. Ikizidi, pensheni ya kila mwezi. Nimemsihi asikubali kupimwa haraka haraka gumba likiwa bado linatoa usaha.

Saa mbili usiku

Mjane kutoka Newala. Mumewe alikuwa dereva wa lori, kafia safarini akiwa kazini. Cheti cha kifo anacho, cha ndoa kipo kwa shehe. Watoto wanne, mwenye cheti cha kuzaliwa ni mmoja. Kwa hiyo kesho anaanzia RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, wilayani kwa ajili ya wale watatu, ndipo tujaze madai. Kampuni imemwambia apeleke mkataba wa marehemu "wautunze". Nimemwambia apige picha kila ukurasa kwanza, awape nakala kivuli, na ule wenyewe abaki nao.