Shahidi Asiyekatizwa

Binti wa kaka yangu ameniandikia: "Shikamoo shangazi. Nisome sheria nchi gani ili baadaye niweze kufanya kazi popote?" Tangu asubuhi naandika jibu na kulifuta. Nchi hiyo haipo. Daktari akivuka mpaka anaukuta moyo umekaa upande ule ule wa kifua. Wakili akivuka anakuta sheria nyingine, mahakama yenye desturi nyingine, na mara nyingi mtihani mwingine unamngoja mlangoni. Ila kila ninapoanza kumweleza habari za vyeti na mitihani, mawazo yananirudisha Paris, mwaka 2013.

Shahada ya kwanza niliipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaapishwa uwakili, nikafanya kazi kidogo, nikapata ufadhili wa kusoma uzamili Ufaransa. Nilikwenda na kichwa kilichofundwa kwa mfumo wa Kiingereza, maana sheria yetu yenyewe inatamka kwamba tulizipokea sheria zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Katika mfumo huo wakili ndiye anayemwongoza shahidi kwa maswali, wakili wa upande wa pili anamdodosa, na jaji anasikiliza zaidi kuliko anavyouliza. Ushahidi wa kuambiwa unapingwa papo hapo. Ukikaa kimya, umeuachia upite.

Mhadhiri wetu wa sheria ya jinai alitutuma tukasikilize kesi ya mauaji. Majaji watatu walikuwa katikati, na kwenye meza hiyo hiyo, kulia na kushoto kwao, wamekaa raia sita waliopatikana kwa bahati nasibu. Akaitwa mama mmoja wa makamo, jirani wa zamani wa mshtakiwa. Aliweka mkoba wake sakafuni, akashika kwa mikono miwili kile kizuizi kilicho mbele ya shahidi, akaapa kwamba atasema bila chuki na bila woga, kweli yote, kweli tupu. Kisha rais wa mahakama, yaani jaji anayeongoza kesi, akamwambia aeleze anachokijua. Basi. Hakuna swali la kwanza wala la pili.

Akaanza kusema. Alianzia mbali kabisa, utotoni mwa yule kijana: baba aliyekuwa akitoka na kurudi, kelele za usiku ukutani, mtoto aliyekuja kugonga mlango kuomba akae kidogo. Akaingia kwenye mambo aliyoambiwa na watu wengine. Nikamtazama wakili wa utetezi. Alikuwa anaandika. Nikamtazama mwendesha mashtaka, naye ameshika tama anasikiliza. Mwili wangu wote ulikuwa unangoja mtu ainuke na kusema pingamizi, mheshimiwa. Miguu yangu ilikuwa imeshajikaza chini ya benchi kana kwamba nitainuka mimi. Hakuinuka mtu. Mama yule akafika mahali sauti ikakatika, akanyamaza kwa muda ambao kwetu wakili angeshaujaza na swali. Rais wa mahakama hakumhimiza. Alipoanza tena alisema jambo ambalo naamini hakuna swali lingeweza kulitoa: kwamba siku ya mwisho kijana alipogonga, yeye alikuwa ndani na hakufungua.

Ndipo maswali yakaanza, ya rais wa mahakama kwanza, kisha ya wengine. Raia mmoja naye aliomba kuuliza, akauliza.

Nilirudi Tanzania nikafanya kazi Arusha, katika miaka ya mwisho ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofungwa mwishoni mwa 2015. Pale mawakili waliododosa kwa mtindo wa Kiingereza walikaa chumba kimoja na majaji waliolelewa kwa mtindo wa Kifaransa. Nilisoma kumbukumbu za kesi ya Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, nchini Rwanda. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikumshtaki kuhusu ubakaji hata mara moja. Januari 1997 shahidi aliyepewa herufi J, akieleza habari nyingine, akataja kwamba binti yake mdogo alibakwa. Majaji wakamuuliza, hawakulipita. Juni mwaka huo hati ikarekebishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikamtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Niliposoma kurasa hizo nilimwona tena yule mama wa Paris akishikilia kizuizi.

Baadaye nikaenda The Hague, mji wa Uholanzi wenye mahakama za kimataifa, na huko nimedodosa mashahidi kwa mtindo niliofundishwa mwanzo. Nauheshimu. Nimeona simulizi iliyopangwa vizuri ikibomoka kwa maswali matatu, na mtu asiye na hatia akapona. Ukimwacha shahidi aseme mpaka amalize, unamwachia pia aingize uvumi, na ukishaingia masikioni mwa raia sita hakuna jaji wa kuutoa. Kwa hiyo siwezi kusema mfumo upi una haki zaidi, na ninaposema siwezi, si adabu ya kitaalamu. Sijui kweli.

Kijana yule alipatikana na hatia, akafungwa. Wakati ule mahakama hiyo haikulazimika kueleza sababu za adhabu; ilikuwa mpaka mwaka 2018 Baraza la Katiba la Ufaransa lilipoamua kwamba lazima zielezwe. Hivyo hakuna karatasi inayoonyesha yale maneno ya jirani yalimfanya nini, kama yalimpunguzia miaka au yalimwongezea. Nikikutana na wanafunzi wenzangu wa wakati ule tunabishana bado, na aliyekulia Ufaransa na aliyekulia Uingereza hawajawahi kukubaliana.