Naitrojeni kwenye shayiri: ninavyopanga wakati wa kuiweka

Shayiri ninayolima ni ya kimea, yaani punje za kuoteshwa kwa ajili ya kutengeneza bia, na mnunuzi wa kimea haangalii uzito peke yake, anapima na protini ya punje. Ikizidi asilimia 12 hivi, mzigo unaweza kukataliwa na kuishia kuwa chakula cha mifugo. Ndiyo maana nikishajua kiasi cha mbolea, kazi kubwa inayobaki ni kujua iingie lini.

Suke la shayiri ya mistari miwili, ambayo punje zake hujipanga safu mbili tu, halibebi punje nyingi, kwa hiyo mavuno hutegemea zaidi wingi wa masuke shambani. Na masuke hutoka kwenye machipukizi. Chipukizi likikosa naitrojeni mapema hufa, na mbolea ya baadaye hailifufui. Basi natia sehemu ndogo wakati wa kupanda, kando ya mbegu isiiunguze, halafu kiasi kikubwa nakuzia machipukizi yanapotoka. Nataka niwe nimemaliza kabla shina halijaanza kurefuka.

Siku za kwenye kalenda siziamini sana, maana baridi huchelewesha mmea na joto huuharakisha. Nang'oa mimea michache sehemu mbalimbali za shamba, nachukua shina kuu na kulipasua kwa wembe kuanzia kwenye mizizi. Ndani kuna suke changa, jeupe, dogo ajabu. Ncha yake ikifika sentimita 1 kutoka kitako cha shina, shina linaanza kurefuka na mmea unaingia kwenye kipindi cha kufyonza naitrojeni kwa kasi. Wakati huo mbolea iwe tayari udongoni. Muda mfupi baadaye pingili ya kwanza utaipapasa kwa vidole, bila wembe.

Yurea siimwagi juu ya udongo mkavu wenye joto, kwa sababu naitrojeni yake hupotea hewani kama amonia. Nasubiri mvua iwe karibu, au natumia CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni isiyopotea hewani kirahisi hivyo. Kwenye kipande cha kichanga naigawa mara zaidi, kwani mvua kubwa huzamisha naitrojeni chini ya mizizi. Kuimwaga yote mapema nako kuna shida yake: mimea hubanana, mashina hulegea, shayiri inalala.

Ili nisibishane na mtu, niliacha ukanda mmoja bila kukuziwa, na mwingine nikaukuzia jani la mwisho, lile linalotangulia suke, likiwa limeshatoka. Ule wa kwanza ulianza njano kwenye majani ya chini, yale ya zamani, na machipukizi yakapukutika. Ule wa pili ulirudi kijani kizuri cha kumdanganya mpita njia, lakini masuke hayakuongezeka. Mavuno yake yalizidi kidogo tu yale ya ukanda usiokuziwa, na naitrojeni ilikimbilia kwenye punje: protini ikapanda kuliko ya shamba lote. Punje zake niliziweka kando, zikaenda kwa mifugo.